Mafundi wa Kutch na funzo kwa washonaji wetu wa kofia

Mama yangu hushona kofia za viua. Alianza akiwa msichana huko Lamu, na hata tulipohamia Mombasa, Mji wa Kale, sindano haikumtoka mkononi. Kofia moja ya kazi nzuri humchukua zaidi ya mwezi. Mwaka uliopita mnunuzi wake wa siku nyingi alimwambia hawezi tena kumpa bei ya zamani, kwani kofia za mashine zinaingia kwa makontena na watu wanaridhika nazo. Mama hakubishana naye. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mwanangu, huyu binti yako mimi simfundishi kazi hii. Nitakuwa nampotezea macho yake bure."

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani nilipofika Kutch. Nilikuwa nimempeleka mjomba wangu hospitali Ahmedabad, na alipopata nafuu, huku tukingoja siku ya kurudi kwa daktari, nilipanda treni ya usiku mpaka Bhuj. Nilikwenda kwa siku nne tu, lakini nimekuwa nikisoma habari za wilaya hiyo tangu siku hizo. Nawaandikia leo kwa sababu naamini wale mafundi wametangulia kukutana na matatizo yanayotukabili sisi sasa, na baadhi yao wamepata njia.

Kutch ni wapi, na inatuhusu nini

Kutch ni wilaya iliyoko magharibi kabisa mwa India, katika jimbo la Gujarat, mpakani na Pakistan. Kwa ukubwa wa ardhi ndiyo ya kwanza India nzima, zaidi ya kilomita za mraba 45,000, ingawa sehemu kubwa yake ni tambarare ya chumvi iitwayo Rann. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 2. Hadi 1948 Kutch ilikuwa na mtawala wake mwenyewe, aliyeitwa Rao, na sarafu yake, iliyoitwa kori. Makao yake makuu tangu karne ya 16 ni Bhuj, na bandari yake mashuhuri ya zamani ni Mandvi.

Kwetu sisi wa Pwani huko si ugenini sana. Kaskazi ilikuwa ikileta kotia za Mandvi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi ikizirudisha. Zilikuja na nguo, zikarudi na pembe za ndovu na karafuu. Kampuni ya Jairam Shivji, iliyokuwa ikisimamia forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19, ilikuwa ya watu wa Mundra, Kutch. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, alizaliwa Lakhpat, Kutch. Na Allidina Visram, ambaye jina lake liko kwenye shule inayojulikana na kila mtu Mombasa, alizaliwa kijiji cha Kera, Kutch. Mpaka leo ukipita mitaa ya Mji wa Kale utasikia Kikutchi kikizungumzwa barazani.

Wako pia waliovuka bahari hiyo bila hiari yao. Gujarat ina jamii ya Masidi, wazao wa Waafrika, ambao wengi wao walipelekwa huko kama watumwa, na wengine wao wanaishi Kutch. Ngoma yao wanaiita goma. Hilo neno halihitaji mkalimani.

Kila kijiji na kazi yake

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni namna kazi zilivyogawanyika kwa vijiji. Hukuti fundi mmoja hapa na mwingine kule. Unakuta kijiji kizima, au mtaa mzima, unaishi kwa ufundi mmoja.

Bhujodi ni kijiji cha wafumaji wa jamii ya Wavankar, ambao ni Wahindu. Hufuma shali na mablanketi kwa mitambo ya miguu, mtande na mshindo vikipita mikononi mwao. Dhamadka na Ajrakhpur ni vya Wakhatri, Waislamu wanaochapa nguo ya ajrakh kwa mihuri ya mbao. Nirona ni kijiji kidogo chenye kazi tatu: wahunzi wa kengele, mafundi wa kupaka lakri kwenye mbao, na familia ya Wakhatri wanaofanya kazi ya rogan. Anjar inajulikana kwa visu, mikasi na vile vikatio vya popoo. Bhuj ina masonara wa fedha, na neno hilo letu la sonara lenyewe limetoka India. Kina mama wa Kikhatri wa Bhuj, Mandvi na kwingineko hufunga bandhani majumbani: hubana kitambaa kwa ncha ya ukucha, hukifunga kwa uzi nukta moja moja, maelfu ya nukta, kisha kinatiwa rangi.

Rogan nitaieleza kidogo kwa kuwa hata India kwenyewe ni adimu. Mafuta ya mbarika huchemshwa kwa muda wa siku mbili hivi mpaka yanakuwa mazito kama asali iliyoganda. Huchanganywa na rangi, fundi akaweka donge kiganjani mwake, na kwa kijiti cha chuma akavuta uzi mwembamba wa rangi hiyo na kuulaza juu ya nguo. Mkono wake haugusi nguo hata kidogo. Abdul Gafur Khatri wa Nirona alipewa na serikali ya India nishani ya Padma Shri mwaka 2019 kwa kazi hii, na mwaka 2014 Waziri Mkuu Narendra Modi alimpelekea Rais Obama zawadi ya picha ya rogan.

Mandvi kuna mashru, nguo ambayo uso wake ni hariri na upande unaogusa mwili ni pamba. Waliosoma chuoni watalitambua jina hilo. Maana yake ni kilichoruhusiwa, kwani mwanamume Mwislamu aliyejizuia kuvaa hariri mwilini aliweza kuivaa hii.

Na Mandvi kuna majahazi. Kando ya mto Rukmavati nilikuta vyombo vya mbao vimesimama nchi kavu, vikubwa kuliko chochote nilichowahi kuona Lamu au Kisingitini. Chombo kimoja huchukua miaka miwili au zaidi. Mafundi hawana ramani ya karatasi. Huanza na mkuku, wakapandisha mataruma, wakapigilia mbao, wakatia kalafati ya pamba kama tunavyofanya sisi. Siku hizi vyombo hivyo vina injini, na hufanya biashara ya Ghuba na Somalia. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini alipoambiwa natoka Mombasa, aliniuliza kwa Kiswahili, "Forodhani bado iko?" Nikamwambia, "Iko, mzee wangu." Alikuwa baharia ujanani mwake. Mabaharia wa namna hiyo wenye elimu ya nyota na njia huko huitwa malam, na asili ya neno ni ileile ya maalim wetu.

Tusidhani kwamba kazi zote hizi zimezaliwa hapo. Husimuliwa kuwa Wakhatri waliitwa na Rao kutoka Sindh katika karne ya 16, wakapewa mahali pa kukaa kando ya mto wenye maji mazuri. Katika karne ya 18 yuko Ramsingh Malam, baharia ambaye, kwa masimulizi ya huko, chombo chake kilivunjika karibu na pwani ya Afrika, akaokolewa na Waholanzi na kujifunza kwao kazi ya vioo, vigae na saa. Aliporudi, Rao Lakhpatji alimpa kazi, na ndiye aliyejenga Aina Mahal, kasri la vioo la Bhuj. Ufundi ulifika kwa sababu mwenye nchi alimkaribisha fundi, akampa ardhi, maji na kazi.

Maji

Nilikwenda nikidhani nguo huanzia kwenye mhuri. Mchapaji wa Ajrakhpur aliponipokea hakunionyesha mihuri kwanza. Alinipeleka kwenye birika la maji. "Bhai," akaniambia, "hapa ndipo nguo inapotengenezwa."

Ajrakh hupita hatua 14 hadi 16. Kitambaa hufuliwa, hulowekwa katika mafuta ya mbarika, magadi na kinyesi cha ngamia, kikaanikwa na kurudiwa. Kisha hutiwa katika maji ya tunda liitwalo harde, linalosaidia rangi kushika. Huchapwa kwa chokaa na gundi ya mgunga palipotakiwa kubaki peupe. Rangi nyeusi hutokana na vyuma chakavu vilivyoozeshwa na sukari guru kwa siku kadhaa. Buluu ni ya nili, na jina la nguo lenyewe wengi hulihusisha na neno la Kiarabu azraq. Nyekundu hutoka kwenye mizizi ya mmea. Kati ya hatua hizi nguo hufuliwa tena na tena, na pande mbili za nguo huchapwa zikalingana. Maji yakiwa na chuma kingi, rangi zote huharibika.

Tarehe 26 Januari 2001, asubuhi ya sikukuu ya jamhuri ya India, zilzala ya kipimo cha 7.7 iliipiga Kutch. Watu wapatao 20,000 walikufa. Bhuj na Anjar zilibomoka, na Anjar watoto waliokuwa katika maandamano ya sikukuu walifukiwa na kuta za mitaa membamba. Dhamadka nayo ilianguka, na maji yake yakabadilika. Chuma kilizidi ndani yake, na nyeusi na nyekundu zikawa hazitoki sawa.

Wakhatri wangeweza kutawanyika, wengine Ahmedabad, wengine Mumbai, na ajrakh ingekwisha hapo. Badala yake familia nyingi zilikaa kikao, zikatafuta ardhi mwendo mfupi mashariki ya Bhuj ambako maji ya chini yalikuwa mazuri, zikajenga kijiji kipya na kukiita Ajrakhpur. Wengine walibaki Dhamadka na mpaka leo wanafanya kazi. Ajrakhpur ni kijiji kilichowekwa mahali pake kwa ajili ya kisima, na jina lake ni jina la nguo.

Kutch inajua gharama ya kupoteza maji. Lakhpat, mji wa akina Tharia Topan, ulikuwa bandari ya mali nyingi mpaka zilzala ya 1819 ilipobadilisha mkondo wa tawi la mto Indus. Leo umebaki ukuta mrefu na nyumba chache ndani yake.

Mnunuzi

Zamani mnunuzi alikuwa jirani. Mfugaji wa Kirabari alileta sufi kwa Mvankar, Mvankar akafuma shali, Mkhatri akaifunga na kuitia rangi, na mwanamke wa Kirabari akaitarizi na kuivaa. Mhunzi wa kengele alimtengenezea mfugaji kengele ambayo aliitambua sauti yake usiku, akajua ngamia wake wako wapi. Mwislamu na Mhindu walihitajiana kazini kila siku.

Mnyororo huo ulikatika kidogo kidogo katika karne iliyopita. Mwaka 1947 mpaka ulikata njia za Sindh. Zikaja nguo za viwandani, rahisi na zisizochuja, na wanakijiji wenyewe wakaacha kununua kazi ya jirani. Wachapaji wakahamia rangi za kemikali kwa kuwa zilikuwa za haraka. Mohammad Siddik Khatri wa Dhamadka ndiye anayekumbukwa kwa kurudi kwenye rangi za asili na kuwafundisha wanawe, wakati ambapo wengi waliona anarudi nyuma. Mmoja wa wanawe, Ismail Khatri, alikuja kupewa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza.

Mwaka 1969 Kutch ilikuwa na ukame mkali. Chanda Shroff, mwanamke wa Kikutchi aliyekuwa akiishi Mumbai, alifika kijiji cha Dhaneti kusaidia waliokumbwa na njaa. Aliona kina mama wanaona haya kupokea chakula cha bure huku wamevaa nguo zenye tarizi ya hali ya juu. Akawapa vitambaa watarizi kwa malipo, akaenda kuviuza mjini. Huo ndio mwanzo wa Shrujan, shirika ambalo lipo mpaka leo. Baada ya zilzala ikaanzishwa Khamir mwaka 2005, ambayo pamoja na mengine ilisaidia kurudisha pamba ya kienyeji iitwayo kala, inayoota kwa mvua tu, ili mfumaji asitegemee uzi wa mbali. Zikafunguliwa pia shule ambamo mafundi wenyewe husomea ubunifu na namna ya kuuza.

Mnunuzi wa leo ni mtu wa Mumbai, Delhi, London. Fundi amelazimika kujifunza anachokipenda mtu huyo, na bado nguo ibaki ajrakh. Vijana niliowakuta walikuwa na simu mkononi kama walivyokuwa na mihuri. Kijana mmoja aliniambia baba yake alichapa alichoagizwa na duka, yeye anachapa anachokitaka kisha anakitafutia mtu.

Jina

Kazi ikipendwa, mwigo haukawii. Viwanda vya mashine huchapa nakala ya ajrakh kwa saa chache, na anayenunua sokoni hana njia ya kujua. Mji wa Jetpur, katika Gujarat hiyohiyo lakini nje ya Kutch, unajulikana kwa viwanda vya kuchapa nguo, na leso nyingi zilizoletwa Afrika Mashariki zilichapwa huko. Sijui mama wa Pwani asiyemiliki hata moja. Unajulikana pia kwa maji ya rangi yaliyouchafua mto wake, Bhadar.

Mafundi wa Kutch wamejibu kwa kulinda jina. Sheria ya India inaruhusu bidhaa ya mahali fulani kusajiliwa, ili mtu wa mahali pengine asilitumie jina hilo kwa mali yake. Tarizi na shali za Kutch zilisajiliwa zamani kidogo, na ajrakh ya Kutch ikapata usajili mwaka 2024. Sheria peke yake haizuii kila mwizi. Lakini inampa fundi neno la kusema dukani, na inamfanya mnunuzi aulize, "Hii ni ya mkono kweli? Ya nani?"

Yasiyo mazuri

Nisiwapambie Kutch. Baada ya zilzala serikali iliwapunguzia kodi wenye viwanda, na Kutch ikajaa viwanda vya saruji, chuma na mabomba, na bandari kubwa ya Mundra ikapanuka. Kazi zilipatikana, lakini mtoto wa mfumaji anapolipwa mshahara wa mwezi kiwandani, mtambo wa baba unabaki na vumbi. Maji ya visima vya Ajrakhpur nayo yanazidi kushuka. Na kina mama wanaofunga bandhani majumbani wengi wao hulipwa kwa kipande, malipo madogo, kupitia dalali ambaye huenda hata mwenye duka hajui anamlipa nani. Hapo nilimkumbuka mama yangu.

Turudi kwetu

Niliporudi nilimweleza mama haya yote. Habari ya kinyesi cha ngamia ilimchekesha. Habari ya jina ilimnyamazisha. Akaniuliza, "Kwani wao mnunuzi anamjua aliyeshona?" Nikamjibu kwamba wale wanaoendelea vizuri, ndiyo, mnunuzi anamjua.

Miaka yote hiyo kofia za mama zimevaliwa kwenye maulidi na harusi, na hakuna hata mvaaji mmoja anayejua ni kazi ya nani. Mnunuzi wake ndiye aliyekuwa na jina. Mama alikuwa na sindano tu.

Kwa hivyo nasema hivi. Wenzetu wa Kutch waliposhindwa na maji walihama pamoja, hawakutawanyika. Walipokosa mnunuzi wa jirani walimfuata wa mbali. Walipoibiwa jina walikwenda kulisajili. Sisi tuna kofia za viua, tuna nakshi za milango ya Lamu, tuna makubadhi, tuna mafundi wa majahazi waliobaki wachache. Kenya nayo ina sheria ya alama za biashara, na kikundi kinaweza kusajili alama yake ya pamoja. Kinachokosekana ni kikao.

Mama na majirani zake wanne wameanza. Kila kofia sasa inashonwa kikaratasi ndani chenye jina la mshonaji na idadi ya siku alizoishona, na binti yangu ndiye anayepiga picha na kuzituma kwa wateja. Wameuza kofia tatu kwa bei waliyoitaja wenyewe. Si nyingi. Lakini juzi nilimkuta mama amemkalisha mjukuu wake karibu na dirisha, amempa kitambaa na sindano, anamwonyesha jinsi ya kutoboa kiua cha kwanza.